Mmweko Juu ya Kisahani

Alhamisi jioni, mtaa wa Ndosho, Goma. Mvua imegoma, vumbi jeusi la mawe ya volkano limeingia mpaka kwenye sukari, na upande wa Sake kumekuwa kimya tangu asubuhi. Ninaandika huku nikitabasamu peke yangu, na Mama ameshaniuliza mara mbili kama nina homa.

Sina homa. Leo najivuna, na sitaomba radhi kwa hilo.

Kwa anayeingia hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Kavira, nafundisha fizikia shule ya sekondari, na jioni fulani za kila mwezi nakaa uani na darubini nikisubiri mawe yaugonge mwezi. Ni kweli yanaugonga. Jiwe dogo, pengine lenye ukubwa wa avoka, linatoka angani kwa kasi ambayo hakuna risasi inayoifikia, na kwa kuwa mwezi hauna hewa ya kulichoma njiani, linafika mpaka chini na kulipuka. Sisi huku tunaona mmweko mdogo, kama mtu amewasha tochi mbali sana na kuizima papo hapo. Ukipepesa macho umeukosa.

Wanafunzi wangu wanadhani kazi kubwa ni kuangalia. Kuangalia mtu yeyote anaweza, kazi kubwa ni kupanga siku. Mwezi mpevu haufai, unang'aa mno na kumeza kila kitu. Unahitaji mwezi mchanga, kuanzia jioni ya tatu hivi mpaka unapofika nusu, maana siku hizo sehemu kubwa ya uso wake bado iko gizani na mmweko ukitokea pale unaonekana. Kwetu hapa mwezi mchanga hulala chali kama bakuli, mwanga chini, giza juu. Ukitulia kwenye darubini, lile giza nalo linaonekana, lina rangi ya majivu, kwa sababu dunia yetu inalimulikia kidogo. Mimi nalenga pale. Kuna pia alfajiri za mwezi unaokwisha, lakini alfajiri nina uji wa kupika na masomo ya kuandaa, kwa hiyo hizo nimewaachia wengine.

Halafu Goma inaongeza masharti yake. Mwezi mchanga unazama magharibi, upande wa mji wa Sake, na moshi wa volkano yetu, Nyiragongo, unapenda kwenda hukohuko, kwa hiyo kabla ya yote naangalia upepo. Umeme nao ukikatika nashukuru, na pengine mimi ndiye mtu pekee Ndosho anayeshukuru. Na kuna vita. Tangu waasi walipokaa kwenye vilima, kila mtu wa mtaa wetu jioni anatazama upande wa Sake kuona kama mabomu yanawaka. Mimi pia natazama Sake, ila juu zaidi.

Hilo karibu liniponze. Mwezi uliopita chefu, kiongozi wa mtaa wetu, alibisha hodi akiwa na wanaume wawili, nyuso zimekunjwa.

"Prof," akasema, "batu banasema hii bomba yako inaoneshaka adui njia."

Nikamwomba ainame aangalie mwenyewe. Akainama. Akakaa pale muda mrefu, mikono mgongoni, mpaka wale wanaume wawili wakaanza kuulizana kwa macho. Alipoinuka alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe iko na mashimo." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepita kwa majirani jioni za mpango wangu kuwaambia wafunike taa zao za sola, kwa kuwa Prof ana miadi. Hasemi miadi na nani, na nasikia kuna uvumi.

Sasa nije kwa Paluku, maana habari ya leo ni yake.

Paluku ni kaka yangu mkubwa, muuguzi kwenye kituo cha afya cha Vitshumbi, kule kwa wavuvi wa ziwa Edward. Darubini tunazo mbili. Padri mzee aliyetufundisha sote wawili fizikia alituachia alipokuwa anarudi kwao, kubwa ikawa yangu na ndogo ikawa ya Paluku. Ile kubwa nimeifunga kamera ndogo inayopeleka picha kwenye kompyuta. Ya Paluku haina kitu, anaweka jicho lake tu.

Usiku ule volkano ilipolipuka, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa wote Goma. Siku chache baadaye ardhi bado inatetemeka, mji ukaambiwa uhame, na kwenye msongamano wa barabarani nikapotezana na Paluku na Mama. Watu walibeba magodoro, sufuria, mbuzi, na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zilikuwa zimepakiwa mpaka anayesukuma haonekani. Mimi nilibeba darubini mgongoni, nimeifunga kwa kitenge. Mama mmoja kwenye lori akasogea anipe nafasi akidhani nina mtoto. Niliibembeleza ile darubini njia nzima mpaka Sake, na nilipoteremka yule mama alinisifu kwa kuwa na mtoto mtulivu.

Paluku na Mama walikuwa wamefuata barabara ya Rutshuru. Simu hazikushika. Nililala kwenye darasa la shule moja pale Sake, na kupitia dirisha lisilo na kioo nikauona mwezi, umetoka kujaa tu. Nilijua kitu kimoja, kwamba kama kaka yangu yu hai anaweza kuwa anauona. Sikuwa na kingine cha kushikilia.

Tulipopatana tena, Mama alitoa sheria ambayo mpaka leo hakuna anayeivunja: katika nyumba hii mtu haondoki kabla hatujapanga tutatafutana wapi na lini. Hata nikienda sokoni tu ananiuliza. Wageni wanatuona kama watu wa jeshi.

Kwa hiyo Paluku aliporudi Vitshumbi, na barabara ikaanza kufungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka, tulipanga jioni zetu za kiangazi chote. Mpango wenyewe unakaa kichwani. Mwezi ukiandama, hesabu mpaka jioni ya tatu, anza. Giza likishika, weka jicho, usilitoe mpaka mwezi uguse milima. Ukifika nusu, pumzika. Mtandao ukikatika, endelea hivyohivyo, na mwenzako amini anafanya hivyohivyo.

Mtandao ukakatika kweli. Mwezi huu uliandama Vitshumbi ikiwa haipatikani kwa simu, na habari zilizotufikia zilikuwa za watu kukimbilia ziwani na mitumbwi. Mama alianza kulala na redio kifuani. Mimi nikafanya kitu pekee nilichojua kufanya, nikatoka uani jioni ya tatu.

Jumamosi upepo uligeuka. Moshi ukaenda upande mwingine, umeme ukakatika kwa hisani yake, chefu akapita na kelele zake za taa. Mwezi ulikuwa umelala chali juu ya vilima, safi kabisa. Saa moja na dakika ishirini na moja nikaona nukta nyeupe kwenye skrini, kwenye giza, juu ya lile doa la mviringo ambalo mimi na Paluku tangu shuleni tunaliita Kisahani. Madoa yote ya mwezi tumeyapa majina ya jikoni, kwa sababu yale ya Kilatini yalikuwa yanatutoka kichwani siku ya mtihani.

Nusu sekunde, basi.

Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha nikairudisha ile video tena na tena, mpaka Mama akaniuliza ni filamu gani isiyokuwa na watu.

Tatizo ni kwamba nukta moja kwenye kamera moja haithibitishi kitu. Inaweza kuwa setilaiti iliyopita na kumulikwa na jua, au kamera yenyewe imepata mushkeli. Ndiyo sababu tunatazama tukiwa wawili, kila mmoja kwake, mbali na mwenzake. Setilaiti iko karibu, kwa hiyo nikiiona mimi mbele ya Kisahani, aliye Vitshumbi haioni pale. Kitu kikionekana na wote wawili mahali palepale na dakika ileile, basi kiko mwezini kwenyewe. Wataalamu wa nchi za mbali wanaokusanya taarifa hizi waliniandikia kwa adabu: kuna mwingine aliyeona? Nikajibu, sijui bado.

Hilo "bado" nimeishi nalo tangu Jumapili. Kama Paluku aliona, mmweko wangu ni wa kweli. Kama Paluku aliona, yu hai, anasimama kwa miguu yake, na ana utulivu wa kuinamia darubini. Nilijaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili ili nisimwombee kaka yangu kwa sababu ya nukta. Sikuweza. Kila nilipoomba yalitoka pamoja.

Leo mchana alifika Mama Furaha.

Mama Furaha anauza samaki wa kukausha, anawatoa Vitshumbi anawaleta Goma, na hakuna vita vilivyowahi kumzuia zaidi ya wiki mbili. Alikuwa amepita Kibumba asubuhi, miguu imejaa vumbi, kikapu bado kichwani. Hakutaka hata maji kwanza.

"Prof, yaya yako Paluku anakusalimia," akasema. "Ako muzima. Amekonda, bagonjwa ni bengi, lakini ako muzima."

Mama alikaa chini palepale kwenye mawe na kujifunika uso kwa kitenge.

"Halafu alinipa neno," Mama Furaha akaendelea, "akanirudilisha mara tatu nisilipoteze. Anasema: siku ya posho, saa kumi na mbili na dakika makumi mbili na moja, juu ya kisahani. Moto mueupe, haukukawia." Akanitazama kwa huruma kidogo. "Sikujua kama munaunguzaka visahani."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Kisahani ndicho Kisahani. Lakini saa kumi na mbili? Mimi niliona saa moja.

Nikamuuliza tena, taratibu, kama hakuchanganya. Hilo lilikuwa kosa langu, alitua kikapu chini kunionyesha ameudhika.

"Prof, nabebaka salamu za batu ba Vitshumbi mu kichwa tangu nilikuwa musichana. Hakuna yenye ilipotea. Alisema saa kumi na mbili."

Nilipaswa kufurahi tu. Nilifurahi, Mungu anajua, nilimkumbatia Mama pale chini mpaka vumbi likatuingia sote. Halafu, nakiri hapa kwa kuwa hapa ndipo ninaposema ukweli, nilinuna. Nilihisi nimerudishiwa kaka na kunyang'anywa mmweko. Nikawaza labda aliona kitu kingine. Nikawaza hata labda hakuona kitu, ametuma maneno ya kunifurahisha tu. Hayo niliyawaza juu ya mtu anayefunga vidonda vya watu kutwa nzima.

Kilichonizuia kulala na mawazo hayo ni zile dakika. Ishirini na moja zake, ishirini na moja zangu. Na Kisahani hakuna anayekijua duniani ila sisi wawili.

Nikangoja. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja nilikuwa uani, bila darubini, natazama tu. Jua lilikuwa limezama muda si mrefu. Anga bado lina mwanga, kuku wa jirani bado wanazozana kuhusu nani alale wapi, na maandishi kwenye mfuko wa saruji ulioegemezwa ukutani nayasoma bila shida. Jua la Vitshumbi linazama pamoja na letu. Kwa mwanga kama ule hakuna jicho linaloweza kuona upande wa giza wa mwezi, achilia mbali cheche juu yake.

Basi Paluku hakuona saa kumi na mbili. Asingeweza. Lakini aliona, tena mahali penyewe. Kwa hiyo iliyokosea ni saa.

Nilikuwa bado nimesimama pale nikikuna kichwa, Mama akaongeza sauti ya redio ndani. Mtangazaji wa Kinshasa akataja saa. Na kichwa changu, kama kichwa cha kila mtu wa huku Mashariki, kikaongeza saa moja chenyewe bila kuombwa. Nchi yetu ni pana, jua linatuanza sisi, na Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa nzima. Tumezoea mno kuongeza hiyo saa hata hatujui tena kwamba tunaongeza.

Nilikimbia jikoni. Mama Furaha alikuwa anakula fufu na sombe, bado amenuna.

"Paluku anatazama saa gani siku hizi?"

"Telefone yake ilizimaka siku mingi," akasema bila kuinua macho. "Ilifufuka na saa ya bongo, ya kudanganya. Akaitengeneza na redio."

"Redio gani?"

"Ya Kinshasa. Kule ingine haishikake."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye gunia la makaa. Mama akaja mbio akidhani nalia. Kosa lile angelifanya mtu wa Mashariki tu, tena aliyechoka hadi mifupa. Alisikia mlio wa redio wa kutimia kwa saa, akaweka simu yake sawasawa na mlio, na uchovu ukamsahaulisha kuongeza ile moja. Na mlio ule hautanii. Saa yake ilikosea saa nzima, lakini dakika zake ni safi kuliko za wengi wetu. Saa moja na dakika ishirini na moja, Kavira kaona Goma. Saa moja na dakika ishirini na moja, Paluku kaona Vitshumbi. Mwezini, juu ya Kisahani.

Najivunia nini hasa? Si darubini, darubini ni za padri. Najivunia kaka yangu. Hakuna mtandao, hakuna aliyemkumbusha, hajui kama mimi mwenyewe bado niko Goma au nimekimbia. Wagonjwa wamelala mpaka kwenye veranda ya kituo. Na jioni ya mpango alinawa mikono, akatoa kile kidarubini chake nje, akaweka jicho. Aliamini kwamba nami nimeweka langu. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kupata mwanafunzi wa kunielewa hivyo.

Najivuna mimi pia, niseme tu. Mabomu yakiwaka chini ya mwezi sikuondoa jicho.

Nimewaandikia wale wataalamu. Nimeeleza habari ya saa ya Kinshasa, mistari mingi kuliko inavyotakiwa, na sijali wakiniona mwenye maneno mengi. Mahali pa kutaja watazamaji nimeandika majina mawili, na baada ya majina nimeandika Goma, nikaandika Vitshumbi. Nimetazama hayo maneno mawili yakiwa yamekaa pamoja kwa muda mrefu kabla ya kutuma.

Chefu alipita jioni kuuliza kama leo taa zifunikwe. Nikamwambia hapana, mwezi umeshapita nusu, tumepumzika, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akarekebisha kofia yake.

"Sasa Ndosho iko mu mwezi," akasema, akaondoka kwenda kulitangaza.

Mama Furaha anarudi Vitshumbi akishamaliza samaki wake. Amekwisha kunisamehe. Nimempa neno la kupeleka, naye amelirudia mara tatu bila kosa huku akisugua sahani: "Mwezi ukiandama, jioni ya tatu, kama kawaida. Na saa ya redio, ongeza moja."

Mama hajauliza lolote juu ya mawe wala setilaiti. Sasa hivi amekuja kusimama nyuma ya kiti changu, redio mkononi, imezimwa kwa mara ya kwanza tangu mwezi huu uandame.

"Kwa hiyo siku ya posho," ameniambia, "weye na Paluku mulionana."

Nilitaka kumweleza kwamba sivyo, kwamba tuliona kitu kimoja tu, kila mtu kwake. Kisha nikaacha.

Ndiyo, Mama. Tulionana.